Kabla ya Kujaza Bei ya Zabuni, Piga Hesabu ya Mshahara

Siku ya kufungua zabuni bei husomwa kwa sauti. Tulikuwa kwenye ukumbi mdogo wa ofisi ya umma mjini Mombasa, feni ikizunguka bila kuleta upepo. Afisa anapasua bahasha, anataja jina la kampuni, anataja kiasi, mwenzake anaandika. Mimi nilikaa nyuma na kikokotoo, nikigawanya kila kiasi kwa wasafishaji 10 na kwa miezi 12. Ni tabia tu, kama wengine wanavyotafuna kucha. Kampuni ya nne ilipotajwa, hesabu ikanipa shilingi 14,000 kwa msafishaji mmoja kwa mwezi, humo humo mkiwa na sabuni, mopu, sare na faida ya mwenye kampuni.

Wakati huo kima cha chini cha mshahara wa msafishaji wa Mombasa kilikuwa shilingi 16,113.75, na hapo marupurupu ya nyumba hayajaguswa. Hakuna aliyekohoa. Bei iliandikwa, bahasha ya tano ikapasuliwa.

Watu hudhani sheria ya mshahara huvunjwa mwisho wa mwezi, mwajiri anapotoa bahasha nyembamba. Kwa anayefanya kandarasi za serikali si hivyo. Huvunjwa miezi kadhaa nyuma yake, usiku ule unapojaza fomu ya bei ukiwa na haraka ya kumshinda jirani. Ukishaahidi kusafisha hospitali kwa pesa zisizotosha mishahara, umebakiwa na njia mbili tu: ule hasara, au umle msafishaji. Makala haya ni ya kukuepusha na usiku huo.

Nawaandikia wenye kampuni ndogo hasa. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 imetenga angalau asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na wengi wakipata cheti cha AGPO, kile cha kuthibitisha kwamba wamo kwenye fungu hilo, hukimbilia usafishaji, ulinzi, bustani na uzoaji taka. Wana sababu: kazi hizo hazidai tingatinga wala ghala. Zinadai watu. Na ndiyo maana karibu gharama yako yote ni mishahara. Anayejenga barabara akikosea mshahara bado ana simiti na kokoto za kumpa nafasi ya kujirekebisha. Wewe una jiki na mifagio.

Sheria yenyewe iko wapi

Kuna miji duniani iliyotunga sheria mahususi kwa wanaofanya kazi za mji. Baltimore, kule Marekani, ilianza mwaka 1994, baada ya makanisa kuona kwamba watu wanaopanga foleni ya chakula cha msaada ni watu wenye ajira. Mji ukasema: anayelipwa kwa kodi za wananchi hawezi kulipa ujira wa njaa. Kenya hatuna sheria ya namna hiyo ya mji mmoja mmoja. Tuna Ibara ya 41 ya Katiba inayompa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, na chini yake tuna maagizo ya mishahara yanayotolewa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007. Wanakandarasi wengi huyasikia Sikukuu ya Wafanyakazi, kisha husahau mpaka barua ya wakili ifike.

Jambo la kwanza la kujua: agizo la jumla la mishahara limegawanywa kwa mahali. Lina safu tatu. Ya kwanza ni ya majiji kama Nairobi na Mombasa. Ya pili ni ya miji iliyokuwa na mabaraza ya manispaa zamani, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru. Ya tatu ni kwingineko kote. Kwa mfanyakazi wa kawaida na msafishaji, agizo lililoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 liliweka shilingi 16,113.75 kwenye safu ya kwanza, zaidi ya 14,800 kwenye ya pili, na karibu 8,600 kwenye ya tatu. Tofauti ya safu ya kwanza na ya tatu ni karibu nusu kwa nusu.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kampuni imesajiliwa kijijini, ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya duka, na mwenyewe anasema, "Sisi ni watu wa mashambani, tunalipa kiwango cha mashambani." Lakini watu wake wanafagia Mombasa. Kinachohesabika ni mahali mtu anapofanya kazi. Anwani yako ya posta haina uzito hapo. Ukipata zabuni moja yenye vituo vitatu, tuseme ofisi iliyoko kisiwani Mombasa, nyingine Malindi ambayo ilikuwa manispaa, na zahanati ndani kabisa mashambani, una safu tatu ndani ya kandarasi moja. Zitenganishe kwenye hesabu. Ukichukua wastani utamdhulumu wa Mombasa, na ukimhamisha mtu kutoka zahanati kuja kisiwani kwa miezi miwili, mshahara wake unahama pamoja naye.

La pili: hotuba si sheria. Mei Mosi ya 2024 Rais alitangaza nyongeza ya asilimia 6. Wengine wakapandisha siku ile ile, wengine wakasubiri, wengine wakajifanya hawakusikia. Agizo lilianza kutumika Novemba. Kinachokufunga ni kile kilichochapishwa rasmi na tarehe iliyoandikwa humo, kwa hiyo pata nakala yake kutoka ofisi ya kazi iliyo karibu nawe, uiweke kwenye faili ya zabuni. Usitegemee picha iliyosambazwa WhatsApp. Nimeona jedwali moja likizunguka miaka miwili baada ya kupitwa.

La tatu, na hili huwashangaza wengi: kima cha chini hakipunguzwi kwa makubaliano. Mfanyakazi anaweza kutia saini karatasi ya kukubali shilingi 10,000, kwa hiari yake, mbele ya chifu, na karatasi hiyo haitakuokoa. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinakifanya kiwango cha agizo kuwa sehemu ya mkataba wake, apende asipende, upende usipende.

Karatasi moja, kalamu moja

Dada mmoja mwenye kampuni ya usafi aliwahi kuniletea fomu yake saa kumi jioni, zabuni ikifungwa kesho yake saa nne asubuhi. "Kaka, nijazie tu hapo kwenye bei," akasema. "Wenzangu wameweka elfu kumi na tano kwa mtu."

"Wewe unamlipa mtu ngapi?"

"Kumi na mbili. Na chai."

Nikageuza karatasi upande usioandikwa. Tuliyoyaandika pale ndiyo haya, na viwango ni vya agizo hilo la Novemba 2024. Likitoka jipya badilisha namba, njia ni ile ile.

Anza na mshahara wa msingi, 16,113.75. Juu yake weka marupurupu ya nyumba. Agizo la jumla linasema asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa asiyepewa nyumba na mwajiri, nayo ni shilingi 2,417.06. Jumla kabla ya makato: 18,530.81. Ukitaka kulipa kiasi kimoja kisichogawanywa unaweza, mradi mkataba useme wazi kwamba nyumba imo ndani, na kiasi hicho kisishuke chini ya hapo. Kesi nyingi za mshahara wa kandarasi huanzia kwenye hii asilimia 15. Mtu amelipwa kima cha chini kamili, mwajiri anajiona msafi, kumbe kila mwezi anadaiwa elfu mbili na ushei kwa kila kichwa.

Sasa michango yako mwenyewe, ile isiyotoka mfukoni mwa mfanyakazi. NSSF asilimia 6: shilingi 1,111.85. Tozo ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 upande wako: 277.96. Tozo ya mafunzo ya NITA: 50. Jumla ndogo ni 1,439.81.

Halafu likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka, kwa malipo. Siku hizo sakafu haijifagii, lazima umlipe mtu wa kushika nafasi yake. Siku 21 kwa mwaka ni siku 1.75 kwa mwezi. Gawanya 18,530.81 kwa siku 26 za kazi, upate kama shilingi 713 kwa siku, na akiba yako ya likizo ni 1,247.27 kila mwezi kwa kila mtu.

Jumlisha: shilingi 21,217.89. Dada yangu akaitazama namba ile kama mtu aliyeletewa bili ya hospitali. Nikamwambia tusubiri, hatujamaliza.

Nafasi ya kazi na mtu ni vitu viwili

Fomu ya zabuni ilisema "wasafishaji 10 kila siku, siku saba kwa wiki". Soma sentensi kama hiyo mara mbili. Mwenye hospitali hataki watu 10, anataka nafasi 10 zijazwe kila siku, Jumapili pia. Sheria inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika siku saba. Nafasi 10 mara siku 7 ni zamu 70 kwa wiki. Mtu mmoja anafanya zamu 6. 70 gawanya kwa 6 ni 11.67. Unahitaji watu 12.

Watu 12 kwa 21,217.89 ni shilingi 254,614.68 kwa mwezi. Zigawe sasa kwa zile nafasi 10 anazolipia mteja: kila nafasi inakugharimu kama 25,461. Bado hujanunua tone la sabuni. Hujalipa bima ya kuumia kazini, ambayo Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini inakutaka uwe nayo. Hujanunua gambuti wala glavu, na hujaweka akiba ya siku za ugonjwa ambazo angalau saba za mwanzo ni za malipo kamili. Sikukuu za kitaifa nazo, mtu akifanya kazi, ni malipo maradufu.

Weka hiyo 25,461 kando ya 14,000 za yule wa bahasha ya nne, uone ni pesa za nani zinazokosekana.

Hili la siku ya saba nalijua kwa kuungua. Miaka kadhaa nyuma nilimjazia mwanakandarasi mmoja zabuni ya nafasi nane, nikahesabu watu wanane. Alishinda. Jumapili hazikuwa na mtu, naye akawaambia wafanyakazi wafike tu, watapumzika kazi ikipungua. Kazi haikupungua. Baada ya mwaka na nusu walienda kwa afisa wa kazi wakiwa na kijitabu cha mlinzi wa lango, ambamo majina yao yalikuwa yameandikwa kila Jumapili, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Alilipa. Kosa lilikuwa langu pia, ingawa jina langu halikuwa kwenye mashtaka.

Kwa walinzi hesabu ni kali zaidi. Lango la saa 24 ni saa 168 kwa wiki. Wiki ya kawaida ya mlinzi ni saa 52 kwa siku sita. Gawanya, upate 3.23. Lango moja linataka walinzi watatu na sehemu ya wa nne, na bado kuna likizo. Lakini nenda popote mjini usiku ukamuulize soja wa lango mko wangapi hapa. Atakwambia wawili, mmoja mchana mmoja usiku. Hao wawili wanafanya saa 84 kila mmoja. Zile 32 za ziada kila wiki ni deni linalokua kimyakimya. Walinzi wana agizo lao, kwa hiyo usinakili namba zangu za msafishaji, chukua za kwao.

Muda wa ziada kwa agizo la jumla hulipwa mara moja na nusu, na saa moja hupatikana kwa kugawanya mshahara wa msingi kwa 225. Kwa msafishaji wa Mombasa saa moja ya ziada ni kama shilingi 107.43. Na una ukomo: saa za kawaida na za ziada zikijumlishwa zisizidi 116 kwa wiki mbili mfululizo kwa anayefanya kazi mchana. Mteja akitaka mtu huyo huyo saa 10 kwa siku, siku sita, hiyo ni saa 120 kwa wiki mbili. Umeshavuka hata kama unalipa kila senti. Ongeza mtu.

Bei imefungwa, mishahara haijafungwa

Kifungu cha 139 cha sheria ya ununuzi kinakataza bei ya kandarasi kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu kutiwa saini. Agizo la mishahara halina adabu ya kusubiri miezi yako 12. Mishahara ilipanda asilimia 18 mwaka 2017, 5 mwaka 2018, ikakaa kimya hadi 12 za mwaka 2022, kisha 6 za 2024. Huwezi kujua mwaka gani utakuangukia, ila unajua hutoka wapi na hutangazwa lini. Ukijaza zabuni Machi, Mei Mosi iko mbele yako.

Ninachofanya ni kuweka akiba ndogo ya nyongeza kwa miezi ya mwisho ya mwaka wa kandarasi, na kuiandika kama gharama ya mshahara, nisiifiche kwenye faida. Kandarasi ikiwa ya miaka miwili au mitatu, hakikisha ina kipengele cha kurekebisha bei baada ya mwaka wa kwanza, na swali hilo uliulize kwa maandishi kabla zabuni haijafungwa. Ukishashinda hakuna anayejibu maswali.

Na VAT, ile asilimia 16, kama umesajiliwa, si yako wala si ya mfanyakazi. Iweke mstari wake. Nimewahi kuona mtu akilipia mishahara pesa za VAT miezi minne, na KRA wakaja mwezi wa tano.

Serikali ikichelewa kulipa

Hapa ndipo kampuni nyingi njema hufia. Umepiga hesabu vizuri, umeshinda, umefanya kazi, umepeleka ankara, na hundi haiji. Madeni ya kaunti na wizara yaliyolimbikizwa si habari mpya kwa msomaji yeyote wa gazeti. Wafanyakazi wako hawakuingia mkataba na kaunti, waliingia na wewe. Mwezi ukiisha mshahara umeiva, na "kaunti haijatulipa" si utetezi mbele ya afisa wa kazi wala mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Ushauri wangu ni wa kikatili kidogo: kama huna mtaji wa miezi mitatu ya mishahara, usiombe kazi hiyo. Kwa mfano wetu wa watu 12 ni zaidi ya shilingi 760,000. Kama huna zako, fanya mpango wa mkopo wa kugharimia LPO (hati ya serikali ya kuagiza kazi) kabla ya kuomba, ujue riba yake, na riba hiyo iingie kwenye bei. Au omba kazi ndogo zaidi. Nafasi nne zinazolipwa zinakupa jina zuri. Nafasi 40 zisizolipwa zinakupa kesi.

Ankara yenyewe usiipeleke mikono mitupu. Ifungie orodha ya mishahara ya mwezi uliopita, ushahidi wa malipo ya benki au M-Pesa, na risiti za NSSF, SHIF (bima ya afya ya jamii) na tozo ya nyumba. Ofisi nyingi zitakutaka hizo hata hivyo, na ile isiyotaka itakuwa imepokea ushahidi kwamba ulilipa watu kabla ya wao kukulipa wewe.

Daftari

Nitapita haraka kwenye makaratasi kwa sababu si magumu, yanachosha tu. Kila mtu wa miezi mitatu au zaidi awe na mkataba wa maandishi. Kila mwezi apate karatasi ya mshahara inayoonyesha msingi, nyumba, saa za ziada na kila kato. Kwa msafishaji wetu makato ni haya: NSSF 1,111.85, SHIF asilimia 2.75 ambayo ni 509.60, na tozo ya nyumba 277.96. Kodi ya mapato hafikii. Kinachobaki mkononi ni shilingi 16,631.40. Peleka makato yote kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kumkata mtu SHIF na kutoipeleka ni kumwibia mara mbili, maana ataenda hospitali na mtoto na mashine itasema hajalipa.

Usikate gharama ya sare. Usimkate kwa sababu ndoo imepotea mikononi mwa watu kumi.

Neno "kibarua" litumie kwa uangalifu. Wengi huwaita watu vibarua, wakawalipa kwa siku, wakidhani wamekwepa mkataba, likizo na yote. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazojumlika kufikia mwezi mmoja, anageuka mwajiriwa wa kawaida mwenye haki zake. Kandarasi ya hospitali ya mwaka mzima haina vibarua. Ina wafanyakazi ambao hawajaandikiwa barua.

Na daftari la mahudhurio liwe la kwako. Mtu atie saini akiingia na akitoka, siku kwa siku. Siku ya kesi, mwajiri asiye na rekodi huamini neno lake litasikika kuliko la mfagiaji. Halisikiki.

Ukishindwa na aliyejaza bei isiyowezekana

Rudi kwenye ukumbi wa feni. Mpinzani amejaza 14,000, wewe umejaza bei inayolipa watu. Sheria mara nyingi humpa kazi mwenye bei ya chini kati ya waliokidhi masharti, na hapo ndipo mwanakandarasi mwaminifu hukata tamaa akaanza kufikiri kwamba ujinga ni wake.

Kuna mambo mawili ya kufanya. Kwanza, ambatisha kwenye zabuni yako ule mchanganuo wa karatasi moja, mstari kwa mstari, na nakala ya agizo la mishahara nyuma yake. Mtathmini akiona kwa macho kwamba kima cha chini peke yake kinazidi bei ya mwenzako, amepata swali la kumuuliza, na hati za kawaida za zabuni zinampa nafasi ya kudai maelezo kuhusu bei iliyo chini kupita kiasi. Pili, ukipewa taarifa kwamba umeshindwa, omba sababu kwa maandishi mara moja. Una siku 14 za kupeleka malalamiko kwenye bodi inayopitia maamuzi ya ununuzi wa umma. Siku hizo ni chache na kuna ada, kwa hiyo usiende kwa hasira; nenda na hesabu. Kifungu cha 55 cha sheria ya ununuzi kinamtaka mzabuni awe hana hatia ya kukiuka vibaya sheria za ajira. Kama mshindi ana hukumu ya mahakama ya kazi inayomhusu, hiyo ni karatasi ya kupeleka.

Sitakudanganya kwamba utashinda kila mara. Ila ofisi zinazonunua nazo zimeanza kujua gharama ya kandarasi ya bei rahisi: wafanyakazi wanagoma Jumatatu, wodi inanuka Jumatano, na zabuni inatangazwa upya.

Mwisho kuhusu kima chenyewe. Shilingi 16,631.40 mkononi si maisha Mombasa. Mtu akilipa nauli ya shilingi 100 kwa siku, siku 26, matatu imekula 2,600 kabla ya unga. Sheria imekuwekea sakafu, haijakuwekea dari. Nikimjazia mtu zabuni humshawishi aongeze nauli, au chakula cha mchana, na kuiandika wazi kwenye mchanganuo. Wengine hukubali. Wanaokubali huniambia hawaajiri watu wapya kila mwezi, na kumfundisha mtu mpya kusafisha chumba cha upasuaji si kazi ya siku moja.

Yule dada aliijaza bei yake kwa hesabu ya ile karatasi, akashindwa. Mwaka uliofuata aliomba kazi ya nafasi nne kwenye ofisi nyingine, akaipata, na mpaka leo analipa tarehe 30. Karatasi yenyewe bado anayo, imekunjwa ndani ya faili ya AGPO. Kama zabuni yako inafungwa Ijumaa, anza yako Jumatatu.